Mpango wa Mlo na Manunuzi ya Nyumbani: Maelezo kwa Watumishi wa Umma na Wakazi wa Mazimbu

Mshahara wa mtumishi hulipwa mara moja kwa mwezi, lakini chakula hupikwa kila siku. Kaya isiyo na mpango hununua robo ya sukari leo, mafuta ya kupima kesho, na ifikapo katikati ya mwezi hulazimika kukopa dukani. Mara nyingi upungufu huo hausababishwi na udogo wa mshahara peke yake, bali pia na namna unavyotumika. Makala haya yanaeleza jinsi ya kupanga mlo na manunuzi ili fedha na muda vitumike vyema.

Jambo hili si geni hapa Mazimbu. Mwaka 1977 Serikali ya Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC ya Afrika Kusini eneo lililokuwa shamba la mkonge. Hapo kilijengwa Chuo cha Uhuru cha Solomon Mahlangu, kilichokuwa na shamba lake la mazao na mifugo kwa ajili ya kulisha mamia ya wanafunzi na watumishi wake. Chuo hicho kilikabidhiwa kwa Serikali mwezi Julai 1992, na majengo yake sasa ni Kampasi ya Solomon Mahlangu ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo. Jiko la kulisha watu wengi kiasi hicho haliwezi kuendeshwa kwa kuulizana kila jioni kitakachopikwa. Hata jiko la kaya ya watu sita hunufaika kwa utaratibu huo huo.

Hatua ya kwanza ni kuandika milo ya juma zima katika daftari, kwa kuzingatia mchanganyiko wa vyakula unaohimizwa na Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania: nafaka au mizizi, jamii ya kunde au nyama na samaki, mboga za majani, na matunda. Wenye nyumba washirikiane katika kazi hiyo, ili kila mmoja aujue mpango na kuuheshimu.

Hatua ya pili ni kugeuza milo hiyo kuwa vipimo. Kwa mfano, kaya inayopika ugali mara tano kwa juma, kwa kilo moja na nusu ya unga kila mara, huhitaji kilo 30 kwa majuma manne. Ikipika wali mara nne kwa kilo moja, huhitaji kilo 16 za mchele. Ikipika maharage mara tatu kwa robo tatu ya kilo, huhitaji kilo 9. Kabla ya kwenda sokoni, vilivyobaki nyumbani vipimwe kwanza na kupunguzwa katika hesabu hiyo.

Hatua ya tatu ni kugawa manunuzi mara mbili. Vyakula vikavu, mafuta, chumvi na sabuni vinunuliwe kwa pamoja mara mshahara unapopatikana. Mboga, nyanya na matunda vinunuliwe mara moja au mbili kwa juma. Safari moja ya daladala kwenda Soko Kuu la Chifu Kingalu au Soko la Mawenzi, kwa orodha kamili, hugharimu kidogo kuliko safari nne za kufuata kitu kimoja kimoja.

Mnunuzi alinganishe bei kwa kilo, si kwa fungu wala kisado, kwa kuwa vipimo hivyo hutofautiana baina ya muuzaji na muuzaji. Tuseme robo ya sukari inauzwa shilingi 900 na kilo nzima shilingi 3,200. Anayenunua kwa robo hulipa shilingi 3,600 kwa kilo. Kaya inayotumia kilo tano kwa mwezi itapoteza shilingi 2,000, yaani shilingi 24,000 kwa mwaka, kwa sukari peke yake.

Majira nayo yazingatiwe. Kabichi, karoti, njegere na viazi mviringo huteremka kutoka Mgeta katika Milima ya Uluguru, na wakati wa masika, Machi hadi Mei, barabara za milimani huharibika na bei hupanda. Katika miezi hiyo mchicha na matembele ya bustani za nyumbani hufaa zaidi. Mahindi ni nafuu baada ya mavuno, na huo ndio wakati wa kuweka akiba.

Hata hivyo, akiba isiyotunzwa ni hasara na ni hatari. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Ili kupima ukavu, tia punje za mahindi na chumvi kavu katika chupa kavu, funga na utikise. Baada ya muda mfupi, chumvi ikinata katika chupa, mahindi hayajakauka vya kutosha. Yaliyokauka yahifadhiwe katika mifuko isiyopitisha hewa, juu ya vichanja na mbali na ukuta. Yaliyoota ukungu yasiliwe. Unga wa dona usagwe kidogo kidogo, kwani huharibika upesi kuliko sembe.

Mwisho, maharage yalowekwe usiku kucha na kuchemshwa ya milo miwili kwa pamoja, ili kuokoa mkaa na muda. Sehemu ya mlo wa pili ihifadhiwe katika jokofu. Asiye na jokofu achemshe ya siku moja tu.

Kila kaya inashauriwa kuanza na juma moja, kuandika matumizi yote, na kuyalinganisha na ya juma lililotangulia. Fedha itakayookolewa itengwe mapema kwa ada za shule na matibabu, kabla haijapata matumizi mengine.