Uchaguzi Ukiisha: Maandamano na Mfarakano Katika Unguja na Pemba

Muhula uliopita tulichagua viranja wapya. Kura zilipohesabiwa, mtu wa bweni moja alimshinda mwenziwe wa bweni la pili kwa kura chache sana. Jioni ile ile wafuasi wa aliyeshindwa walijipanga mstari, wakaenda wakiimba na kupiga makofi mpaka mbele ya ofisi ya Mkuu wa Shule, wakitaka kura zihesabiwe tena. Mkuu wa Shule aliwasikiliza. Sanduku lilifunguliwa mbele ya watu wote, kura zikahesabiwa moja moja, na hesabu ikawa ile ile. Kila mtu akaenda zake. Lakini katika bwalo mambo hayakwisha. Kwa muda wa majuma mawili watu wa mabweni yale hawakukaa meza moja, na aliyekosa chumvi aliona afadhali ale bila chumvi kuliko kuiomba kwa jirani.

Jambo hilo dogo ndilo lililonitia hamu ya kuandika makala haya, maana yale tuliyoyafanya sisi kwa majuma mawili nchi zimeyafanya kwa miaka mingi, na watu wamekufa. Nataka kueleza mambo matatu: kwa nini watu huandamana baada ya uchaguzi, ni nini hutokea wakijibiwa vibaya au vizuri, na kwa nini mfarakano hubaki hata maandamano yakiisha. Mfano wangu ni Zanzibar, kwa sababu habari zake ni ndefu na mafunzo yake ni wazi. Sikusudii kuamua chama gani kilikuwa na haki. Hiyo ni kazi ya wengine.

Kwa Nini Watu Huandamana

Uchaguzi ni mapatano. Wanaoshiriki wamekubaliana tangu mwanzo kwamba atakayepata kura chache atampisha mwenziwe. Mapatano hayo husimama juu ya jambo moja tu, nalo ni kuaminiwa kwa hesabu. Mtu aliyeshindwa kwa hesabu anayoiamini huona uchungu, lakini hurudi nyumbani. Mtu aliyeshindwa kwa hesabu asiyoiamini hutafuta mahali pa kusemea. Kama mahakama haimsikilizi, na baraza halimsikilizi, na magazeti hayamwandiki, barabara ndiyo humbakia.

Kwa hiyo maandamano ni namna ya kusema. Katiba ya Tanzania, katika ibara ya 20, inawapa watu uhuru wa kukutana na kutoa mawazo yao hadharani. Nayo sheria ya vyama vya siasa inakitaka chama kinachotaka kuandamana kiwaarifu polisi wa mahali pale kwa muda usiopungua saa 48 kabla ya siku yenyewe. Taarifa hiyo ina maana njema: polisi wapate kuwalinda waandamanaji, na wengine wapate kujua njia ipi itafungwa. Taabu huanza pale taarifa inapochukuliwa kuwa ni ombi, na ombi likajibiwa kwa marufuku.

Kura Moja ya Chake Chake

Watu wengi hudhani kwamba mfarakano wa Zanzibar ulianza na vyama vingi vya mwaka 1992. Sivyo. Baada ya uchaguzi wa kwanza, uliofanywa mwaka 1957, watu wa chama hiki walianza kukataa kununua katika maduka ya watu wa chama kile. Wenye mashamba waliwafukuza wakulima waliowaona kuwa ni wa upande wa pili. Watu waliacha kuzikana na kuingia katika basi moja.

Mnamo Januari 1961 ukafanywa uchaguzi wa viti 22. Afro-Shirazi Party ilipata viti 10, Zanzibar Nationalist Party viti 9, na Zanzibar and Pemba People's Party viti 3. Kiti kimoja, cha Chake Chake, kilipatikana kwa kura moja tu. Wale watatu wa chama kidogo nao wakagawanyika: wawili wakaenda upande mmoja na mmoja upande wa pili, ikawa 11 kwa 11. Hapakuwa na wa kuunda serikali. Kiti kikaongezwa, uchaguzi ukarudiwa tarehe 1 Juni, na siku hiyo ghasia zikazuka mjini zikaenea mashambani. Watu 68 waliuawa, wengi wao Waarabu waliokuwa wakiishi mashambani.

Julai 1963 Afro-Shirazi Party ilipata zaidi ya nusu ya kura zote, lakini viti 13 tu katika 31, na wapinzani wake wawili wakaungana wakatawala. Uhuru ulikuja tarehe 10 Desemba, 1963, na tarehe 12 Januari, 1964, yakatokea Mapinduzi, ambayo nayo yaliua watu wengi. Sisemi kwamba kura peke yake ndiyo iliyoleta Mapinduzi. Palikuwa na mambo ya ardhi, ya kabila na ya utumwa wa zamani. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba kila mara kabla ya damu kumwagika palitangulia hesabu ya kura ambayo nusu ya nchi haikuridhika nayo.

Januari 2001

Vyama vingi viliporudi, uchaguzi wa kwanza ulifanywa Oktoba 1995. Kwa hesabu iliyotangazwa, Dakta Salmin Amour wa Chama cha Mapinduzi alipata asilimia 50.2, na Maalim Seif Sharif Hamad wa Chama cha Wananchi, yaani CUF, asilimia 49.8. Viti vyote 21 vya Pemba vilikwenda CUF. Wawakilishi wa CUF wakasusia Baraza. Mwaka 1999 Jumuiya ya Madola, kwa juhudi za Katibu Mkuu wake, Chifu Emeka Anyaoku, iliwapatanisha wakatia sahihi mapatano yaliyoitwa Muafaka. Lakini sehemu kubwa ya mapatano yale ilibaki katika karatasi, na uchaguzi wa pili ukawakuta watu wakiwa vile vile.

Uchaguzi huo wa tarehe 29 Oktoba, 2000, ulivurugika. Kura za majimbo 16 ya Mjini Magharibi zilifutwa, na uchaguzi ukarudiwa huko tarehe 5 Novemba. CUF ilikataa kushiriki tena. Bwana Amani Abeid Karume akatangazwa kuwa Rais. CUF ikataka uchaguzi mzima urudiwe, ikaeleza kwamba tarehe 27 Januari, 2001, wafuasi wake wataandamana Unguja, Pemba na Dar es Salaam. Serikali ikapiga marufuku maandamano hayo. CUF ikasema yatafanywa vile vile.

Ijumaa tarehe 26 watu wawili waliuawa kwa risasi karibu na msikiti mmoja wa mjini Unguja. Kesho yake, katika Pemba, watu walitoka vijijini wakielekea miji yao, Wete, Micheweni, Chake Chake na Mkoani, na polisi wakawapiga risasi. Askari polisi naye aliuawa. Tume iliyoundwa na Rais Benjamin Mkapa, chini ya Brigedia Jenerali Hashim Mbita, ilitaja vifo 31. Shirika la Human Rights Watch lilisema waliokufa hawakupungua 35, na walioumizwa walizidi 600.

Watu karibu 2,000 walipanda vyombo usiku wakavuka bahari mpaka Shimoni, kijiji cha wavuvi katika pwani ya kusini ya Kenya. Nchi iliyozoea kuwapokea wakimbizi wa Burundi, Rwanda na Kongo sasa yenyewe ilikuwa imetoa wakimbizi.

Majibu Mawili

Sasa natazama jambo ambalo halitajwi mara nyingi. Machi 2001, yaani majuma machache tu baada ya mauaji, vyama viwili vile vilikubaliana kuunda kamati ya pamoja ya kurudisha utulivu na kuwarejesha waliokimbia. Aprili, makumi ya maelfu ya watu wa vyama vya upinzani waliandamana Dar es Salaam. Safari hii walipewa ruhusa. Walitembea, wakaimba, wakahutubiwa, wakarudi majumbani kwao.

Ndugu msomaji, angalia vizuri. Nchi ilikuwa ile ile, polisi wale wale, na madai hayakubadilika sana. Uchungu, bila shaka, ulikuwa umezidi, maana makaburi ya Pemba yalikuwa bado mabichi. Kilichobadilika ni jibu. Kwa hiyo wale wasemao kwamba maandamano yenyewe ndiyo huleta damu hawana budi kueleza kwa nini yale ya Aprili hayakuileta. Nao viongozi wanaowaita watu barabarani yawapasa kujua kwamba wao ndio wenye dhamana ya kwanza: kuonya watu wao wasishike mawe wala mapanga, na kutowatanguliza vijana mahali ambapo wao wenyewe hawatatokea.

Tarehe 10 Oktoba, 2001, makatibu wakuu wa vyama viwili, Bwana Philip Mangula na Maalim Seif, walitia sahihi Muafaka wa pili. Ulitaka tume ya uchaguzi iwe na watu wa upinzani ndani yake, pawe na daftari la kudumu la wapiga kura, na mauaji ya Januari yachunguzwe. Mambo hayo yote yaligusa kile nilichokitaja mwanzoni, yaani kuaminiwa kwa hesabu.

Nusu kwa Nusu

Hata hivyo uchaguzi wa 2005 uligombaniwa tena. Sababu yake si ngumu kuifahamu. Ikiwa watu wa nchi wamegawanyika karibu nusu kwa nusu, na anayeshinda huchukua kila kitu, basi hata kura ikihesabiwa na malaika nusu moja itaona kwamba imetupwa nje ya nyumba yake.

Tarehe 5 Novemba, 2009, Rais Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu ya Zanzibar, wakaanza yale yaliyoitwa Maridhiano. Tarehe 31 Julai, 2010, wananchi waliulizwa kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 walisema ndiyo. Katiba ikarekebishwa ili chama cha pili kipate nafasi ya Makamu wa Kwanza wa Rais, pamoja na mawaziri. Oktoba mwaka ule ule Dakta Ali Mohamed Shein alipata asilimia 50.1 na Maalim Seif 49.1. Linganisha na mwaka 1995. Tofauti ya kura ilikuwa ndogo mara zote mbili, lakini safari hii aliyeshindwa alikubali matokeo, akaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza, na hapakuwa na msiba.

Amani hiyo haikudumu bila kutikisika. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa na mwenyekiti wa tume kabla matokeo hayajakamilika kutangazwa, ukarudiwa Machi 2016 bila ya CUF, na serikali ya umoja ikavunjika. Uchaguzi wa 2020 nao ulikuwa na vifo Pemba. Desemba mwaka huo Maalim Seif, akiwa katika chama cha ACT-Wazalendo, alikubali tena kuwa Makamu wa Kwanza chini ya Rais Hussein Mwinyi, na alikuwa katika kazi hiyo alipofariki tarehe 17 Februari, 2021. Wapo wafuasi wake waliomlaumu kwa kukubali. Lakini mtu aliyegombea urais mara sita, na kutangazwa ameshindwa, naye akakubali kukaa tena meza moja na waliomshinda, ametuachia jambo la kufikiri.

Mfarakano wa Duka na Jeneza

Limebaki jambo la mwisho, nalo ndilo lililo karibu nasi. Maandamano huchukua siku moja. Mfarakano huchukua miaka, na makao yake si barabarani bali ni dukani, kisimani, harusini na mazikoni. Yale ya mwaka 1957 yalisikika tena Pemba baada ya 1995, na tena mwaka 2016: mtu hanunui kwa jirani yake kwa sababu ya chama, mwaliko wa harusi unarudishwa, jeneza linapita na watu wa mtaa hawainuki. Hakuna mapatano ya viongozi yawezayo kumlazimisha mtu kumwitikia mwenziwe salamu. Muafaka hutiwa sahihi na watu wawili, lakini hutimizwa na watu wote.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Wengi wetu, tukijaaliwa, tutapiga kura katika uchaguzi ujao. Wengine tutakuwa askari, makarani wa vituo vya kura, waandishi, au viongozi wa vyama. Basi karani na ahesabu mbele ya macho ya watu. Askari na akumbuke kwamba anayeandamana ni raia anayesema. Mwandamanaji na ajue kwamba anayempita njiani bila kuandamana naye ni raia. Aliyeshinda na amwite aliyeshindwa kabla hajaitwa na wapatanishi wa nchi za mbali.

Na bwaloni kwetu je? Jumapili moja kiranja aliyeshinda alichukua sahani yake akaenda kukaa katika meza ya bweni la pili. Hapakusemwa neno. Baada ya kitambo mtu mmoja alimsogezea chumvi. Tangu siku ile meza zimechanganyika, ingawa hata leo wapo wasemao kwamba kura zile zilihesabiwa vibaya.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne