Kila Mwamba Ngoma

Jirani yangu hasadiki kwamba habari huweza kupendelea chama. "Redio imesema, basi," husema. Sikubishana naye. Nilimkumbusha uchaguzi wa vyama vingi wa Kenya, Desemba 1992: KBC ilikuwa ya serikali, na Kenya Times lilikuwa gazeti la KANU. Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake.

Akanigeuzia kibao: "Basi wote waongo, tusisome!" Hapo ndipo penye hatari, maana asiyesoma hupiga kura gizani. Kupendelea si lazima kuwe kusema uongo. Mkutano wa huyu hupewa picha na ukurasa wa kwanza. Wa yule, mistari mitatu ukurasa wa nane. Na kila neno ni kweli.

Tukanunua magazeti mawili ya siku moja, tukahesabu: nani amenukuliwa, nani hakuulizwa, gazeti ni la nani. Lililoegemea zaidi likawa lile nilipendalo mimi! Nilikiri mbele yake. Tangu hapo hunisikiliza.

Ukitaka mwenzio apime mizani yake, tangulia kupima yako. Nami nipimeni.