Ufukwe Mtulivu si Ufukwe Mtupu

Wahenga walinena kwamba kimya kingi kina mshindo mkubwa. Methali hiyo ilinijia siku chache zilizopita, baada ya kuhudhuria kikao kimoja ambamo palitajwa ufukwe mdogo wa Ziwa Viktoria ulioko nje ya mji wa Musoma, upande wa njia iendayo Majita. Mtoa hoja alieleza kwamba mahali hapo ni pori tupu, hapana mtu wala kazi, na kwamba amepatikana mwenye uwezo ambaye yu tayari kupazungushia ua na kujenga nyumba za wageni. Hakuna aliyepinga. Nami sikupinga, ingawa sikuwahi kupaona. Usiku ule nafsi ilinisuta: yawezekanaje mtu akubali jambo la ardhi ya watu kwa kuambiwa tu kwamba ni tupu? Jumamosi iliyofuata nilipanda pikipiki nikaenda kujionea.

Ndugu msomaji, aijuaye Mara anajua kwamba Mwenyezi Mungu aliumwagia mkoa huu majabali kwa ukarimu. Musoma yenyewe imekaa juu ya rasi iliyozungukwa na maji, na mawe makubwa yamerundikana kana kwamba kuna aliyeyapanga kwa mkono. Baada ya kuiacha barabara kuu, nilifuata njia ya miguu iliyopita kati ya mihogo na mtama, hata nikafika mahali ambapo mawe mawili makubwa yalisimama kama miimo ya mlango. Nilipopita kati yake, nikaliona ziwa.

Ni kighuba kidogo, ambacho mtu mwenye pumzi aweza kukivuka kwa kuogelea. Upande wa magharibi umekingwa na rasi ya mawe, kwa hiyo upepo wa alasiri, ambao hupiga mawimbi nje na kuwatia hofu wenye mitumbwi, hufika ndani ukiwa umechoka. Mchanga wake ni wa rangi ya ngano, maji ni maangavu hata kokoto za chini zaonekana, na pembezoni pameota matete na mafunjo. Kenge alikuwa akiota jua juu ya jiwe. Mnandi kadhaa walikaa wametandaza mbawa zao zikauke. Nilikaa kitako kivulini, na nakiri kwamba kwa muda wa nusu saa hivi niliwaza kama mtoa hoja: mahali hapa pametulia, hapana mtu.

Lakini utulivu wa asubuhi una saa yake. Jua lilipopanda, akina mama walishuka kwa njia ile ile niliyopita mimi, wakiwa na ndoo na beseni. Wengine walichota maji, wengine wakaanza kuanika dagaa waliovuliwa usiku kwa taa. Watoto walijitosa majini wakipiga kelele za furaha. Mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu wake chini ya mti alinikaribisha. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akaniuliza kama mimi ni miongoni mwa wale waliokuja kupima. Nilipokana, akacheka kidogo, akasema:

"Mwanangu, wao walikuja saa saba mchana, saa ambayo dagaa wamekwisha kauka na wake zetu wako shambani. Wakaandika kwamba hapana kitu. Wangekuja alfajiri, wangekosa pa kukanyaga."

Mzee yule alinionyesha jambo jingine ambalo jicho langu la mjini halikuliona. Katika maji ya kina kifupi, karibu na matete, mchanga ulikuwa na vishimo vya duara. Hivyo ni viota vya sato. Dume huchimba kishimo na kukilinda. Jike hutaga, kisha huyachukua mayai kinywani mwake na kuyaatamia humo, na hata watoto wakianguliwa hurudi kinywani mwa mama yao wakiona hatari. Kazi hiyo haiwezekani palipo na mawimbi makali. Huhitaji maji ya uvuguvugu, yaliyotulia, yenye majani ya kujificha. Kwa maneno mengine, kighuba kile ni chumba cha uzazi cha samaki wanaovuliwa mbali na hapo na kuuzwa sokoni Musoma.

Ndiyo maana sheria za uvuvi zinakataza kokoro, wavu ule unaokokotwa kutoka majini hadi mchangani, ukizoa wakubwa kwa wadogo na kubomoa viota. Wavutaji wa kokoro nao hupenda fukwe kama hizi, kwa sababu mchanga ni laini na hakuna wa kuwaona. Hapa tuwe wakweli: adui wa ufukwe mtulivu si mwenye fedha atokaye mbali peke yake. Wamo pia vijana wetu, na wamo wazee wanaojua na kunyamaza. Ziwa hili limekwisha kutuadhibu kwa kutojali. Sangara alipandikizwa katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kufikia miaka ya 1980 furu wa aina nyingi walikuwa wametoweka. Ngege, aliyekuwa kitoweo cha heshima kwa babu zetu, leo amekuwa adimu. Sangara ameleta viwanda na fedha za kigeni, hilo hatulikanushi. Lakini aliyepotea hakurudi.

Kuna na hatari nyingine ambayo mgeni wa kighuba kile hana budi kuambiwa kabla hajavua viatu. Maji yaliyotulia na yenye majani ndiyo makao ya konokono anayebeba kichocho. Mtu mwenye ugonjwa huu akijisaidia ufukweni, mayai ya minyoo huingia majini, yakaanguliwa, yakaingia ndani ya konokono na kuzaana humo. Kisha hutoka maelfu ya vijidudu, hasa wakati wa jua kali, na hupenya katika ngozi ya yeyote aliye majini: mama anayefua, mtoto anayeogelea, mtalii aliyekuja kupumzika. Hawachagui. Kichocho cha tumbo kikikaa miaka bila dawa huharibu ini. Dawa ipo, nayo ni prazikwanteli. Lakini kumpa mtoto kidonge leo na kumrudisha kesho katika maji yale yale, bila choo kujengwa, ni sawa na kukausha sakafu huku paa linavuja. Maji ya kuoga yakichotwa na kuachwa chomboni siku mbili, vijidudu hivyo hufa. Elimu kama hiyo haihitaji mfadhili.

Sasa turudi kwenye hoja ya wageni. Mwandishi wa makala haya hapingi utalii. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kila siku magari ya watalii hupita Bunda, yakiingia na kutoka Serengeti kwa lango la Ndabaka, mahali ambapo mbuga inakaribia Ghuba ya Speke. Wageni hao wameona nyumbu na simba. Wengi wao wangefurahi kumalizia safari yao kwa kutazama jua likizama ziwani Musoma, na kuzuru Mwitongo, Butiama, alikozikwa Baba wa Taifa mwaka 1999. Fedha yao yaweza kumsomesha mtoto wa mwuza dagaa. Swali ni moja tu: mgeni aje kwa masharti ya nani?

Wenzetu wa pwani ya Bahari ya Kati walitangulia kuulizwa swali hilo. Huko nako kuna vighuba vidogo vilivyofichwa kati ya majabali, na vimesifiwa mno hata utulivu wao ukawa ndio uliowaponza. Karibu na mji wa Marseille, nchini Ufaransa, kipo kighuba kiitwacho Sugiton. Siku za kiangazi walifika watu wapatao 2,500 kwa siku moja, wakakanyaga udongo hata mizizi ya misonobari ikabaki nje. Tangu kiangazi cha mwaka 2022 wakuu wa hifadhi wameweka sharti kwamba katika siku za msongamano waruhusiwe watu 400 tu kwa siku, nao waandikishe majina mapema, bila malipo. Hispania nayo ilitunga sheria ya pwani mwaka 1988, ikisisitiza kwamba fukwe ni mali ya umma. Yafaa tuzingatie: mataifa yenye fedha nyingi kuliko sisi, na yenye hoteli nyingi kuliko sisi, yameona kwamba ufukwe haufai kufungiwa kwa ajili ya mtu mmoja, wala haufai kuachwa bila mpaka wala kiasi.

Sisi hatukosi sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inasema kwamba Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi bila idhini ya Mkutano wa Kijiji. Basi kikao kile nilichohudhuria, hata kingepiga makofi mpaka jioni, hakikuwa na ardhi ya kugawa. Wenye neno ni wale akina mama wenye beseni, na hao hawakuwamo.

Kabla ya kurudi nilipita Butiama. Mji ule hauko ziwani. Uko bara, kati ya vilima na mawe. Hata hivyo mradi wa maji wa Mugango, Kiabakari na Butiama huchota maji kutoka ziwa hili hili. Kinachotupwa ufukweni si shauri la watu wa ufukweni pekee. Mwaka 1958, nchi ikiwa bado chini ya Waingereza, Mwalimu aliandika kupinga ardhi kufanywa mali ya mtu binafsi ya kununuliwa na kuuzwa kama nguo. Alishikilia kwamba ardhi haikutengenezwa na binadamu, bali ni neema ya Mungu kwa wote, na haki ya mtu ni kuitumia. Aliyeandika hayo alizaliwa katika mkoa huu huu wenye kighuba ninachokieleza. Ingekuwa aibu kwetu tukiyasahau maneno yake hapa kuliko kwingineko.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Mkutano wa Kijiji uitishwe, na uitishwe saa ambayo akina mama wanaweza kuhudhuria. Nyumba za wageni, zikikubaliwa, zijengwe juu ya kilima, nje ya meta 60, na njia ya kwenda majini ibaki wazi kwa mwenyeji na kwa mgeni. Matete yasifyekwe. Kikundi cha usimamizi wa uvuvi kilichoko mwaloni kipewe nguvu ya kuwakamata wenye kokoro, hata wakiwa ndugu. Na kabla ya yote hayo, vyoo vijengwe na watoto wapimwe kichocho.

Nami, katika kikao kijacho, nitasimama niseme kile ambacho sikukisema. Nitaeleza kwamba nilikwenda, nikaona. Nitawaomba wajumbe wenzangu wasinisadiki mimi, bali wapande gari pamoja waende wenyewe. Ila waende alfajiri.