Kima aliyezoea watu

Tangu treni ya umeme ianze kufika Dodoma mwaka 2024, mkazi wa Majengo jijini humo amesogezewa misitu ya mashariki. Akishuka Morogoro na kushika barabara ya Mikumi na Kidatu, anafika Mang'ula, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa. Humo anaishi mangabe wa Sanje, kima asiyepatikana kokote duniani nje ya milima hiyo, ambaye wanasayansi walimtambua mwaka 1979 tu. Lipo kundi lake ambalo watafiti wamelizoesha watu, na ndiyo maana mgeni huweza kulitazama bila kundi zima kutoweka juu ya miti. Lakini mnyama aliyeacha kumkimbia binadamu amevua kinga yake, na hana namna ya kumtofautisha mtalii na mwenye mtego. Kwa hiyo umbali ambao yeye haulindi tena sharti aulinde mgeni, hata pale kima mwenyewe anaposogea.

Mwaka 2006 sokwe wa Mahale, kandokando ya Ziwa Tanganyika, walikumbwa na maradhi ya kupumua yaliyohusishwa na virusi vya binadamu, na baadhi yao wakafa. Sokwe si kima, ni kweli, ila mafua hayajali tofauti hiyo kama tunavyoijali sisi. Ndiyo sababu ya barakoa Mahale, na ya kumtaka mgeni akae mbali na aondoke baada ya saa moja. Kule Jozani, Unguja, hatari ilikuja kwa magurudumu. Hesabu iliyotangazwa 2017 ilionyesha kima punju zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa, lakini miaka ya nyuma barabara inayokatiza makazi yao ilikuwa ikiua mmoja kila wiki mbili au tatu. Matuta yalipowekwa, ikawa mmoja kwa takriban wiki sita. Kima wa Jozani wamezoea magari kama walivyozoea kamera, na kilichopunguza vifo ni dereva kulazimishwa kupunguza mwendo.

Wapo watakaosema masharti haya yatafukuza wageni, na bila fedha ya wageni msitu utageuka mkaa. Hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa mkulima anayeliwa mazao na kima hawezi kumlinda kwa mapenzi matupu. Ila inathibitisha tu kwamba utalii unahitajika. Haithibitishi kwamba mgeni lazima asimame hatua mbili kutoka kwa mnyama. Mahale masharti ni makali na safari yenyewe ni ghali, na watu bado wanakwenda. Pingamizi la pili ni la hapa kwetu zaidi: mbona nyani wa kando ya barabara ya Mikumi tunawarushia ndizi na hawafi? Wanakufa, kwa kugongwa na magari wanayoyafuata. Na nyani ni wengi, wanaweza kubeba hasara ambayo mangabe wa Sanje hawezi.

Mwongozaji hawezi kubeba mzigo huu peke yake, maana naye anaishi kwa bakshishi na anajua picha ya karibu ndiyo inayofungua pochi. Ukienda Mang'ula au Jozani, mwambie mapema kwamba hutaki kusogezwa. Ukiwa na mafua, ahirisha safari. Na bakshishi mpe yule aliyekurudisha nyuma.