Kushusha Thamani ya Fedha Hatua kwa Hatua



Msaada huja kwa dola, lakini bajeti ya kisima tunaiandika kwa shilingi. Shilingi ikipanda kabla fedha hazijafika, dola zilezile hununua mabomba machache. Zipo nchi zilizopunguza mshtuko wa aina hii kwa kubadilisha thamani ya fedha yao kidogo kidogo.

Nikaragua ni mfano. Tangu miaka ya 1990, Benki Kuu yake ilipandisha bei ya dola kwa sehemu ndogo kila siku, ikitangaza viwango mapema. Kwa miaka mingi jumla ilikuwa asilimia 5 kwa mwaka. Novemba 2019 ikashushwa hadi 3, na kufikia 2024 ikawa sifuri. Hivyo mkulima wa kahawa na mfanyabiashara waliweza kupanga mapema.

Utaratibu huu unadai akiba ya kutosha ya dola ili benki iuze kwa bei iliyotangaza. Akiba ikiisha, hatua ndogo hugeuka mporomoko.

Shilingi yetu haina ratiba kama hiyo. Kwa sehemu kubwa huamuliwa na soko. Kwa hiyo tunaomba kila bajeti ionyeshe kiwango cha dola kilichotumika na tarehe yake, pamoja na fungu la dharura.