Sayari tano na majina tuliyoyarithi

Katika mji wa Lusail, kaskazini mwa Doha nchini Qatar, mwanga wa taa huzificha nyota nyingi. Zuhura haifichiki: huonekana magharibi baada ya jua kutua, au mashariki kabla ya alfajiri, kutegemea majira.

Mtoto wa Afrika Mashariki anayesoma huko hataiona ngeni. Waarabu husema Utarid, Zuhara, Mirrikh, Mushtari na Zuhal. Sisi husema Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali.

Kwa nini tano tu? Kwa sababu ndizo sayari ambazo wazee wa kale waliziona angani kwa macho matupu. Uranus iligunduliwa kwa darubini mwaka 1781 na Neptune mwaka 1846, ndiyo maana majina yake yametoka Ulaya. Chombo kimoja tu, Voyager 2 kilichorushwa mwaka 1977, ndicho kilichozifikia hizo mbili, mwaka 1986 na 1989.

Mzazi aliye ugenini, basi, hahitaji darubini ili aanze somo hili. Lakini asipoyataja majina hayo nyumbani, mwanawe atazijua sayari zote, asiweze kuzitaja kwa Kiswahili.