Kutoka Cheti Hadi Diploma: Njia ya Muuguzi Anayetaka Kupanda Ngazi

Mkazi anapofika zahanati alfajiri akiwa amembeba mtoto mwenye homa, mara nyingi anayempokea ni muuguzi, wala si daktari. Baadhi ya wauguzi hao walisomea cheti na wamehudumu kwa miaka mingi. Wengi huuliza: je, ninaweza kusoma hadi diploma bila kupoteza kazi? Ndiyo, lakini kuna utaratibu, na anayeuruka huenda akajutia.

Tofauti ni ipi?

Muuguzi wa cheti hujulikana kama KECHN, naye wa diploma, yaani muuguzi aliyesajiliwa, kama KRCHN. Wote hupewa leseni na Baraza la Wauguzi la Kenya, linalosimamia taaluma hii chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257. Wa diploma husoma kwa kina zaidi uuguzi wa jumla, ukunga, afya ya jamii, afya ya akili na usimamizi wa wodi.

Tofauti hiyo huonekana pia kwenye mshahara. Katika muundo wa utumishi wa wauguzi wa umma, wa cheti huanzia kundi la kazi G na wa diploma kundi la H.

Hatua za kufuata

Kwanza, hakikisha leseni yako haijaisha muda. Vyuo huitaka pamoja na cheti cha uuguzi, matokeo ya KCSE na uthibitisho wa kazi.

Pili, chagua chuo kilichoidhinishwa na Baraza kufundisha kozi hiyo hasa. Chuo kinaweza kuwa na jengo zuri na matangazo mengi, lakini kama hakijaidhinishwa, mwanafunzi wake hataruhusiwa kufanya mtihani wa Baraza. Uliza Baraza lenyewe kabla ya kulipa hata shilingi moja. Ukishajiunga, hakikisha chuo kimekuandikisha kwa Baraza kama mwanafunzi.

Tatu, omba idhini ya mwajiri kwa maandishi kabla ya masomo kuanza. Barua hupitia kwa msimamizi wa kituo chako na ofisi ya afya ya kaunti ndogo hadi kamati inayoshughulikia mafunzo. Anayepewa likizo ya masomo yenye malipo hutia saini mkataba wa kurudi kuhudumu kwa muda uliokubaliwa. Usome vizuri: ukiondoka kabla ya muda huo kwisha, utadaiwa.

Nne, fanya mtihani wa Baraza. Kuhitimu chuoni pekee hakutoshi. Hadi utakapofaulu mtihani huo na kusajiliwa upya, bado unahudumu kama muuguzi wa cheti.

Kusoma ukiwa kazini

Si lazima kila mtu aache kituo chake. Mwaka 2005, Amref na Baraza la Wauguzi, pamoja na washirika wengine, walianzisha mpango wa masomo kwa njia ya kompyuta uliolenga wauguzi wa cheti zaidi ya 20,000 nchini. Mwanafunzi husoma nadharia akiwa karibu na kituo chake, kisha hufanya mazoezi hospitalini chini ya wasimamizi. Kwa kawaida kozi ya kupanda ngazi huchukua takriban miaka miwili. Si njia rahisi kwa anayefanya zamu za usiku na ana watoto nyumbani, kwa hivyo panga muda na karo mapema.

Baada ya kufaulu

Hapa ndipo wengi huvunjika moyo. Diploma haibadilishi cheo wala mshahara yenyewe. Ni lazima uombe kubadilishiwa cheo, ukiambatisha diploma, usajili mpya, leseni na ile barua ya idhini. Ombi hufikishwa kwa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, na uamuzi hutegemea nafasi zilizopo na bajeti. Asiye na barua ya idhini huwa na kazi ngumu ya kujieleza. Weka nakala ya kila barua uliyopeleka, ikiwa na muhuri wa kupokelewa.

Na mkazi je?

Zahanati yenye muuguzi mmoja inaweza kufungwa anapoenda masomoni. Ndiyo maana idhini huombwa mapema, ili mwingine apangwe kushika zamu. Ukikuta zahanati yako imefungwa siku ya kazi, wajulishe wanakamati wa kituo au ofisi ya afya ya kaunti ndogo. Muuguzi ana haki ya kusoma, na mama mjamzito ana haki ya kukuta mlango wazi. Kwa mpango mzuri, hakuna anayepoteza.

Kwa maelezo zaidi, muuguzi amwone msimamizi wa wauguzi wa kaunti ndogo anakofanyia kazi.